Mwongozo wa kuzuia watu kujiua unasema "muone mtaalamu". Mtaani kwetu mtaalamu ni nani?

Katibu wa Msiba
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazishi, mji mdogo huku Kanda ya Ziwa. Ndani ya miezi minne tumezika vijana wawili waliojitoa uhai, na wa tatu ametoka hospitali juzi, yuko kwao. Mwenyekiti wa mtaa kanipa kazi: andika karatasi moja, isomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, kisha ibandikwe ofisini. Nikaomba mfano, nikaletewa vipeperushi viwili. Vyote wimbo mmoja: ukiona mtu ana dalili mshauri akamuone mtaalamu wa afya ya akili, ukijisikia vibaya mpigie mshauri wako.

Mshauri wangu! Zahanati yetu ina tabibu mmoja, huyohuyo malaria, huyohuyo jino.

Hoja yangu ni kwamba vipeperushi hivi viliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi chumba kimoja peke yake na mlango kaufunga. Hawa wetu hawakuwa wapweke. Mmoja alikaa nyumba ya watu kumi na moja. Nionavyo mimi, kilichomshinda ni macho ya hao kumi na moja. Mtu wa hivyo unamwelekeza kwa nani? Naomba mawazo, siyo mahubiri.

Jembe Butu
Poleni kwa misiba mkuu. Vijana wa siku hizi laini. Sisi tulilala njaa na hakuna aliyejiua. Andika "jikazeni" ubandike, kazi imekwisha.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Jembe Butu, na wewe unajua waliokufa zamani walikufa na nini? Walizikwa usiku, familia ikasema ni tumbo. Nimefanya kazi wodini miaka 27. Tumbo la namna hiyo nimeliona mara nyingi, na wengine walikuwa na umri wako.

Katibu, jambo la kwanza kabla ya yote: huyo wa tatu aliyerudi nyumbani. Karatasi itasubiri, yeye hasubiri. Miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ndiyo ya hatari zaidi. Nani anakwenda kumwona?

Katibu wa Msiba
Dada Nesi, kusema kweli hakuna. Watu wanaogopa wataonekana wanakwenda kuchungulia. Hata mimi sijaenda.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi nikupe kisa ukichemshe. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, matokeo yakatoka mwaka 2008. Watu 1,867 waliojaribu kujiua. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida tu. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja hivi kabla ya kuruhusiwa, kisha wakafuatiliwa, kwa simu au kwa kutembelewa, mara 9 ndani ya miezi 18. Hali yako, unalalaje, unahitaji nini. Basi. Waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo la pili walikuwa wachache mno ukilinganisha na la kwanza.

Sisi aliyekufa tunamkalia matanga, tunamsomea arobaini, tunachinja. Aliyenusurika tunampita kwa upande wa pili wa barabara.

Bwana Usafiri
Hapo kwenye arobaini nimekaa kimya kidogo.

Mpare Halisi
Mimi niseme chanzo, maana mnazunguka. Ni madeni. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani ya riba kali, na ile ya kwenye simu. Unakopa elfu hamsini, ukichelewa siku mbili wanatuma ujumbe kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa mchungaji: "huyu ni tapeli". Benki Kuu ilifungia programu 69 za namna hiyo Novemba 2024, zikarudi na majina mengine. Hapo mtaalamu wa akili anaingilia wapi? Mlete mtaalamu wa marejesho.

Mmarangu Asili
Mpare kwenye hesabu za deni la watu hakosi. Yeye mwenyewe akidaiwa anauza ng'ombe afungue kesi ya kuku.

Mpare Halisi
Na Mchaga akidaiwa anafungua tawi la pili. Tulia, watu wazima tunaongea.

Mwana Kagera
Madeni ni sababu kwa mmoja. Binamu yangu hakudaiwa hata mia. Alikuwa na kazi, nyumba na mke mzuri. Pombe tu ilimzidi miaka miwili ya mwisho, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Tulidhani ni raha.

Mzee wa Kilinge
Hamtaki kusema lakini nitasema. Kuna koo hii kitu inatembea. Babu, mjomba, kijana. Mkikataa mizimu mtaeleza vipi?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mzee, kutembea ndani ya ukoo kunatembea kweli, hata vitabu vyetu vinakubali. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, inaweza kurithiwa, na kijana aliyeshuhudia kifo cha namna hiyo nyumbani naye anakuwa katika hatari zaidi. Wewe unaita mzimu, mimi naita kingine. Ila nakuomba jambo moja: akiletwa kwako mtu asiyelala, asiyekula, anayeaga watu bila safari, mfanyie lako lakini usimzuie kuja kwetu. Wengi wanaanzia kwako, sisi tunampata wa mwisho.

Mzee wa Kilinge
Hilo nakubali. Na nyie mkimpata msimcheke hirizi.

Wakili Njaa
Mmesahau sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217: kujaribu kujiua ni kosa la jinai Tanzania. Familia ikimpeleka hospitali inawaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na polisi wenyewe kabla ya kuwaza dripu. Ndiyo maana wanasema "ameteleza bafuni". Katibu ukiandika "mripoti haraka kwa uongozi", umewafukuza wote.

Kilifi Kwetu
Huku Kenya ilikuwa vivyo hivyo, kifungu cha 226, hadi miaka miwili jela. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu Nairobi akasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ghana nao bunge lao lilifuta kosa hilo 2023. Sasa kuna wanaosema ukiondoa adhabu watu wataona ni ruhusa. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyekata tamaa akifungua kitabu cha sheria kwanza.

Jembe Butu
Hofu ya jela inasaidia. Hofu ya Mungu zaidi. Karatasi iandikwe wazi: anayejiua ni wa motoni, hazikwi kwa heshima.

Bint Unguja
Jembe Butu, taratibu kwenye dini za watu. Kujiua ni haramu, hapana anayebisha. Lakini aya yenyewe inayokataza, Suratun Nisaa ya 29, inamalizia kwa kututajia rehema ya Mwenyezi Mungu. Hadithi ya kuwa Mtume hakumsalia mtu aliyejiua ipo katika Sahihi Muslim, kweli. Na wengi wa maulamaa wakasema watu wengine wamsalie, aache imamu mwenye cheo ili iwe onyo. Sasa wewe umechukua onyo, rehema umeiacha bandarini.

Mkatekista Mstaafu
Kwa upande wetu Wakatoliki: Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Ile ya 1983 haikuwaweka tena kwenye orodha hiyo. Na Katekisimu inasema wasiwasi mkubwa au maradhi ya akili hupunguza uzito wa hatia, na Kanisa huwaombea. Makatekista wengi huku vijijini bado wanafundisha ya 1917. Nami nilifundisha hivyo, hadi lilipofika nyumbani kwa dada yangu.

Bwana Usafiri
Pole sana mzee.

Mtani wa Wahehe
Katibu kauliza nani wa kumwendea, nyie mnaleta hukumu. Jibu tunalo toka enzi za babu: MTANI. Sisi Wangoni mtani Mhehe anaweza kuingia msibani, akalala kwenye jeneza, akasema "toka huko mwizi wewe, unamkimbia mkeo?" na hakuna wa kumkasirikia. Kuna mambo ndugu hawezi kukuuliza, mtani anaweza. "Wewe Mngoni, mbona umekonda hivyo, unataka kufa unidhulumu ng'ombe zangu?" Mtu anacheka, halafu analia. Ukimtuma baba, atasema "sina shida".

Mmarangu Asili
Hii nzuri. Ila mtani wangu ni Mpare, atanitoza.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mtani wa Wahehe, wazo zuri lakini nina wasiwasi. Utani unafungua mlango, sawa. Mtu akishaanza kulia, utani uishe palepale na swali liulizwe wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kwa neno hilohilo. Watu wanaamini ukimtamkia unampandikizia wazo. Tafiti hazikuonyesha hivyo. Wengi ninaowauliza wanashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Komwe64
Hapo dada Nesi sikubaliani, na nasema kwa yaliyonikuta.

Mwaka 2017 nilifilisika. Mzigo ulizama ziwani, wa kwangu na wa watu. Nilikuwa nimeshaamua. Mjomba wangu akatokea asubuhi na ubao wa bao chini ya kwapa. Hakuniuliza kitu. Tukacheza siku ya kwanza, akanifunga. Siku ya pili akanifunga. Siku ya tatu nikiwa kwenye namua, hatua ya mwanzo ya bao, akasema tu, bila kuniangalia: "Wale wenye mzigo nimeshaongea nao." Angenikalisha na kuniuliza "unataka kujiua?" ningesema hapana, angeondoka, na mimi ningeondoka.

Macho anayosema Katibu ndiyo hayo. Mjomba alikuwa anaangalia kete.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimekusoma mara mbili. Mjomba wako ana akili. Lakini hesabu nyingine sikilizeni: siku tatu hajauliza, hakujua umefika wapi. Ulipona. Nimewahi kumpokea ambaye mjomba wake naye alikuwa anakwenda kumwona kila siku na hakuuliza.

Komwe64
Sina jibu la hilo.

Bint Unguja
Labda inategemea nani anauliza. Kwetu mtoto wa kike ana somo wake, ndiye anamwambia yasiyoambiwa mama. Somo akiuliza wazi wazi si aibu, ndiyo kazi yake. Mjomba hakupewa kazi hiyo.

Kilifi Kwetu
Na bibi na mjukuu. Bibi yangu alikuwa ananiita "mume wangu", hakuna nisichomwambia. Zimbabwe waliufanya mpango mzima kwa mabibi. Daktari Dixon Chibanda, Harare, kitongoji cha Mbare, mwaka 2006. Hakupewa jengo wala madaktari, akapewa mabibi 14. Akawafundisha, wakakaa kwenye benchi nje ya zahanati chini ya mti, wanasikiliza. Mwanzo liliitwa benchi la afya ya akili, hakuna aliyekaa. Mabibi wakamwambia badilisha jina, likawa Benchi la Urafiki, watu wakaja. Na hawakusema "sonona", walisema *kufungisisa*, Kishona, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wao ulitoka 2016, waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako nasikia lilifika.

Bint Unguja
Lilifika.

Jembe Butu
Bibi wa mtaani kwetu ukimwambia siri saa mbili, saa nne iko sokoni.

Mwana Kagera
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Jembe Butu.

Kilifi Kwetu
Ndiyo maana walifundishwa na wakasimamiwa. Hakuokota bibi yeyote njiani.

mtu_tu
Mimi huwa nasoma tu siandiki. Ile ya mikopo, kutuma ujumbe kwa watu wote kwenye simu, ni mimi. Wametuma leo hadi kwa mwalimu mkuu wa mtoto. Nilikuwa nataka kujua tu, yule aliyezama mzigo aliwalipaje.

Komwe64
Ndugu yangu. Kidogo kidogo, miaka mitatu, wengine walisamehe. Nikueleze vizuri, ila kwanza mjibu Nesi, najua anaandika.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nipo. mtu_tu, asante kwa kuandika. Nakuuliza wazi kama nilivyosema: unafikiria kujiua?

mtu_tu
Ndiyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nashukuru umeniambia. Usiku huu usikae peke yako. Nyumbani kuna nani? Kama kuna kitu chochote ulichokiweka tayari, mpe mtu mwingine akakiweke mbali na nyumba, sasa hivi, kabla hujanijibu. Kisha nenda hospitali yoyote iliyo karibu, dirisha la dharura, useme neno hilohilo ulilonambia. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Nakusubiri huko.

Mpare Halisi
Nami nimekuandikia faragha. Nimewahi kuandika malalamiko Benki Kuu kwa niaba ya mtu, barua ninayo, nitakujazia. Bure. Mmarangu usiseme kitu.

Mmarangu Asili
Sisemi. Nilitaka kusema bando la simu liko juu yangu.

Wakili Njaa
Wengine wote tusimwandikie kwa wingi, tutamlemea. Wawili hao wanatosha.

mtu_tu
Habari za asubuhi. Nipo. Dada yangu alikuja usiku, tuko hospitali tangu saa tisa. Hakuna aliyeita polisi. Nitasoma yaliyobaki baadaye.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Karibu sana. Wiki ijayo nitakupigia, na inayofuata. Mara tisa, umeshasoma.

Mkatekista Mstaafu
Mungu mkubwa.

Katibu wa Msiba
Wakuu, nimekuwa kimya. Jana jioni baada ya kusoma nilikwenda kwa yule kijana wetu. Nilibeba sukari kilo moja kama mtu anayekwenda msibani, sikujua nibebe nini. Mama yake aliniuliza "nani kafa?" Nikasema hakuna, nimekuja kuwasalimia. Tulikaa kama saa nzima. Kijana alisema maneno manne.

Rasimu nimeanza. Mpaka sasa: majina ya watu sita wa mtaa, wanaume watatu na wanawake watatu, ambao mtu anaweza kuwagongea mlango saa yoyote. Zamu za kumtembelea aliyetoka hospitali. Dawa za shamba zifungiwe kwenye stoo ya ushirika, mtu achukue kipimo cha siku hiyo. Namba ya simu 116 kwa ajili ya watoto. Sheikh kakubali yote. Mchungaji anataka kuongeza sehemu ya laana.

Wakili Njaa
Mwambie laana ina fungu lake siku nyingine.

Mwana Kagera
Hilo la stoo lina faida kweli au ni usumbufu kwa wakulima? Mtu akidhamiria si atatafuta njia nyingine?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Wengi hawatafuti. Ile hali kali huwa ya muda mfupi, wakati mwingine dakika chache tu, ikipita mtu anashangaa mwenyewe. Sri Lanka walianza miaka ya 1980 na 1990 kupiga marufuku viuatilifu vikali, hizo dawa za shamba, kimoja baada ya kingine, na kiwango cha kujiua nchini mwao kikashuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kilele cha 1995. Mazao hayakushuka.

Bwana Usafiri
Na waandishi wa habari nao waingie kwenye karatasi. Kila siku "ajiua kwa wivu wa mapenzi", picha, na namna alivyofanya hatua kwa hatua. Jana nimesoma mmoja kaandika "alijaribu mara mbili, ya tatu akafanikiwa". Kafanikiwa nini?

Mzee wa Kilinge
Kiswahili chenyewe kimechoka. Zamani tulisema "ameangukiwa".

Mkatekista Mstaafu
"Ameangukiwa" ndiyo ile ya kuficha aliyoisema Nesi mwanzo. Mimi nataka mpwa wangu atajwe jinsi alivyokufa, na misa asomewe.

Jembe Butu
Katibu, kwenye hao watu sita una nafasi? Niko jirani na huko, na nyumba yangu haina mbwa.

Mmarangu Asili
Yaani Jembe Butu! Mtu atagonga mlango aambiwe "jikaze".

Jembe Butu
Nitanyamaza. Nitamwekea bao.

Komwe64
Ubao unao?

Jembe Butu
Ubao upo, wa marehemu kaka yangu. Kete nimezihesabu sasa hivi, ziko 51.

Komwe64
Zinatakiwa 64. Usijaze na mawe, yanachimba mashimo. Nina mti wa mkomwe nyuma ya nyumba, nitumie jina la basi.